Mwende Wapi Msimu Huu

Nassibu, zima hiyo simu. Zaidi, acha kusimama mlangoni kama mtu aliyekuja kudai, ingia ukae mkekani na mdogo wako. Siti mwanangu, niinue, niwekee mto mgongoni, hapo hapo, basi. Shufaa yuko wapi? Mwiteni aache vyombo, vyombo havina miguu. Ninalotaka kusema nataka mke wa Zaidi alisikie kwa masikio yake, tena yeye kuliko nyie niliowazaa.

Haya sikilizeni wanangu. Mie Swaumu mama yenu nasema haya nikiwa na akili yangu, ingawa akili yenyewe siku hizi inajaa na kutoka kama maji ya bamvua. Ikijaa nitasema. Ikitoka nisubirini, msinijazie maneno mdomoni.

Leo siku ya tatu mnagombana humu ndani. Mnataka kwenda kuwinda nje ya mkoa kwa miguu yenu wenyewe, bila kampuni, bila mtu wa kuwaongoza, kwa sababu pori alilowinda baba yenu huku kwetu limefungwa na bunduki haikanyagi tena. Jumatatu Zaidi anakwenda Kibiti kulipia leseni, na kwenye fomu pana mahali pa kuandika eneo, eneo moja tu. Zaidi anasema tuandike Liwale. Nassibu anasema tuandike Tunduru. Kila mmoja anakuja peke yake hapa kitandani, ananiinamia: "Mama, nipe radhi, tuende kwangu." Juzi Nassibu kanisogezea simu mpaka puani nione pofu, wale wanyama wakubwa kama ng'ombe, wa Tunduru walivyonona, nikamwambia pofu wa kwenye simu haliwi. Zaidi ukacheka. Ukadhani umeshinda. Na wewe hiyo Liwale unayoisifia hata stendi yake huijui.

Radhi ningewapa siku ile ile, mama hana choyo cha radhi. Sikutoa kwa sababu nimechanganyikiwa. Ndiyo, mie. Nimekaa na jambo, kila nikilishika huku linaponyoka kule, na sitaki kufa nimewapeleka pabaya.

Mie bunduki sijawahi kuishika. Lakini miaka thelathini na moja nimekuwa mke wa msasi, na kila mnyama aliyeingia humu tumbo lake nimelipasua mie. Baba yenu alikuwa anajua mnyama kwa nje, mie najua kwa ndani. Nikikuta majani makavu, marefu, yamesokotana kama kamba, najua huko maji yako mbali na nyama itakuwa ngumu, chemsha mchana kutwa. Nikikuta majani mabichi mafupi, najua palichomwa moto majani yakaota upya, swala wamejaa hapo na mtu hahitaji kutembea sana. Nikikuta kupe wamejipanga masikioni kama shanga, najua ng'ombe wa wafugaji wanapita pori lile, na penye ng'ombe wengi swala anahama. Kwa hiyo mkiniuliza pori zuri ni lipi sitazami picha. Nauliza maji yako wapi mwezi wa tisa. Nauliza nani analisha pale. Nauliza mkishaua kuro, ndama mzima yule, mnamtoaje porini kwa migongo miwili, jua linawaka, na barabara iko mwendo wa saa tano. Nyama haingoji basi. Nassibu, Tunduru ni mbali, mwanangu. Mtaondoka na swala mtarudi na harufu.

Lakini Tunduru watu wake wakarimu, nasikia. Liwale karibu, unashuka Nangurukuru unapanda gari jingine unaingia, ila pana nyati. Na Kilwa karibu zaidi, na Kilwa... ngojeni. Kilwa nitaifikia.

Siti, nipe maji. Kidogo tu.

Nilikuwa wapi? Baba yenu. Nyie wakubwa mnakumbuka, Nassibu ulikuwa na miaka kumi. Mwaka elfu mbili na kumi na mbili, mpunga hatujaanza kuandaa, Muharami akasema anakwenda kuwinda. Nikamuuliza, "Unakwenda upande gani, mume wangu?" Akasema, "Njinjo, Kilwa kule, kwa watu wangu." Akafunga mzigo. Akanambia kama alivyokuwa ananambia kila safari, "Swaumu, kaa." Neno moja. Maana yake nyie vijana hamuijui, Shufaa anaijua kwa sababu nimemfunza kwa ukali. Mke wa msasi, mumewe akiwa porini, havuki ua. Hafagii jua likizama. Hagombani na mtu. Moto hauzimiki mekoni. Ukivuka ua, mnyama anamvukia mumeo. Mama mkwe wangu alinishika mkono siku ya ndoa, akanizungusha ua mzima, akanambia hii ndiyo mipaka yako, ndani ya hii mumeo yu hai.

Miaka yote nilikaa. Ruaruke nzima wanacheza ngoma, mie nimekaa. Kuna safari mdogo wangu alijifungua nyumba ya nne kutoka hapa, mie nimekaa, nasikia vigelegele kwa juu ya makuti.

Safari ile sikukaa.

Mwalimu Maryam alikuwa ameanzisha kisomo cha watu wazima pale shuleni, alasiri, na kila akipita hapa ananichokoza. "Bi Swaumu, utakufa unaweka dole gumba kama mtoto anayepaka ukuta masizi!" Mie namjibu, "Dole langu linajulikana kuliko jina lako." Tunacheka. Lakini moyoni lilikuwa linanichoma. Alhamisi moja nikasema nakwenda na kurudi, moto nimeuchochea, nani atajua? Nikajifunga kanga, nikavuka ua. Nikakaa dawatini na wenzangu, magoti yamegota kwenye ubao. Mwalimu akaandika ubaoni, akasema nakilini vyote, hata kama hamvijui. Nikanakili. Naandika kama naiba. Halafu akanishika mkono akaniandikisha jina langu, Swaumu, na wanangu, naapa, nilirudi nyumbani nimeshika daftari kifuani kama mtu aliyetoka kujifungua.

Siku ya tatu yake Mussa akaja. Alikuwa utingo wa basi wakati ule. Kasimama hapo nje, kofia mkononi, kaleta bunduki imefungwa kwenye gunia, kaleta viatu vya baba yenu na karatasi moja iliyokunjwa ina muhuri. "Bibi, poleni. Nyati. Wamekwishamzika huko huko." Nikamuuliza huko wapi? Akasema, "Mie vitu nimepewa Nangurukuru, nadhani Kilwa." Akanipa karatasi. Akasema mpe mtu akusomee.

Sikumpa mtu.

Najua mnanitazama. Zaidi, usinitazame hivyo, ngoja nimalize. Nilidhani karatasi ile inasema. Nilidhani wale watu wa serikali wana njia zao za kujua, wameandika mtu huyu ameuawa na nyati kwa sababu mkewe alivuka ua. Mtanicheka, chekeni. Mtu asiyejua kusoma, karatasi yenye muhuri anaiona kama inamwona. Nikafikiri, Zaidi akiisoma hii atajua mama yake kamuua baba yake. Nikaikunja ndogo, nikaishonea ndani ya mto. Mto huu niliouegemea. Mlipouliza karatasi iko wapi nikasema panya. Na kisomo nikakiacha siku ile ile, Maryam akija najificha chooni.

Nyie mkaenda Njinjo kutafuta kaburi. Siku nne mkazunguka. Hakuna anayemjua Muharami. Mwisho Zaidi ukaonyeshwa kaburi lisilo na mwenyewe, ukaliombea, ukamsomea Yasini mtu usiyemjua. Si hasara, thawabu haipotei njia. Lakini mliporudi na mavumbi yenu, mkaketi hapo, Zaidi ukasema, "Mama, baba hana kaburi," mie nimeegemea karatasi. Niliinama nikapembua mchele usiokuwa na chuya.

Miaka tisa nikakaa hivyo. Halafu nikasema, mwenye siri yake ndiye aisome. Nikarudi kwa Maryam, miaka mitatu iliyopita, nyie mkadhani bibi kapata ujana. Sikwenda kwa ujana. Nilikwenda kwa karatasi. Na nimejifunza! Nasema hili kwa kujisifu na Mungu anisamehe, nimesoma kibao cha zahanati, nimesoma gunia la mbolea, nimesoma masharti yote ya leseni uliyoleta Zaidi, kurasa nne, mara tatu. Mnyama jike haruhusiwi. Kabla jua halijachomoza haruhusiwi mtu kupiga risasi. Ulikuwa huyajui hayo mawili mpaka nilipokusomea, kubali! Haya.

Mwezi uliopita nikafumua mto. Mwandiko wa bwana nyama, yule ofisa wa wanyamapori aliyeiandika, ni kama kuku kapita kwenye unga, siku tisa niliusoma, neno moja linanichukua tangu adhuhuri mpaka alasiri. Siti, ingiza mkono hapo chini ya foronya. Hiyo. Usimpe Zaidi, nipe mie. Nitaisoma mwenyewe. Miwani.

"Marehemu Muharami... mkazi wa Ruaruke... ameshambuliwa na nyati tarehe tisa, mwezi wa kumi, elfu mbili na kumi na mbili... katika pori la kijiji cha Nandipwa, Wilaya ya Liwale. Amezikwa hapa kijijini siku hiyo hiyo. Mazishi yamesimamiwa na Mzee Abdalah." Na muhuri. Basi. Mie simo. Swaumu hayumo humu hata mara moja.

Acheni, acheni. Nassibu, nyamaza baba. Utalia baadaye, sasa hivi pumzi yangu ni chache.

Nilipomaliza kuisoma nikakaa. Halafu nikakumbuka daftari langu la siku ile moja. Liko sandukuni, halina kitu zaidi ya ukurasa mmoja. Nikalifungua. Juu kabisa, pale Maryam aliposema nakilini vyote, nimenakili kitu nilichokuwa sikijui. Alhamisi, tarehe kumi na moja, mwezi wa kumi. Kumi na moja, wanangu. Baba yenu kafa tarehe tisa. Siku navuka ua, alikuwa na siku mbili kaburini.

Sasa hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Mngedhani nitafurahi. Niliamka nikaenda mpaka uani, nikasimama kwenye mpaka ule, nikavuka, nikarudi, nikavuka. Kama si mie, basi ni nani? Kama mwiko haukumuua, basi haukuwahi kumlinda, na ile miaka yote niliyokaa nilikaa kwa ajili ya nini? Halafu nasema labda nilifagia jioni ya tarehe nane nikasahau. Labda mwalimu alikosea tarehe ubaoni. Labda ile tisa ya bwana nyama ni saba, ina mkia mrefu, lakini hata ikiwa saba bado mie nimo ndani ya ua. Nikamuuliza shehe, akasema, "Ajali ya mtu haina ua, Bi Swaumu, na haya mambo yenu yanakaribia ushirikina." Nikasema sawa. Nikarudi nyumbani, jua likazama, nikashika ufagio, mkono ukakataa.

Na kwa nini alinambia Njinjo? Alinidanganya? Au alifika akakuta maji yamekauka, akamfuata mnyama mpaka Liwale? Nilimkasirikia wiki nzima maiti wa watu, nikamwambia ungesema tu Liwale ningekuandalia mchele zaidi. Sijui. Hili sitalijua. Mnaona sasa kwa nini nilishindwa kuwajibu?

Kwa sababu Zaidi unaitaka Liwale na hujui kwamba baba yako yuko Liwale. Na babu yenu alikuwa anasema mtoto hawindi pale damu ya baba yake ilipomwagika. Sasa huo nao ni mwiko, na mie miiko siijui tena, ipi ya kushika, ipi ya kutupa. Nikasema basi waende Tunduru. Usiku... asubuhi nikasema hapana, wakienda Tunduru nitakuwa nimemficha mara ya pili. Nikachukua ile orodha ya maeneo yaliyo wazi mwaka huu, nikaisoma kwa kidole. Nandipwa haimo. Liwale imo, Nandipwa haimo, labda wanakijiji wameamua kulihifadhi pori lao. Kwa hiyo hata mkitaka kuwinda pale hamruhusiwi. Nikasema, ah, kusoma nako! Zamani nilikuwa na giza moja, sasa nina mwanga wa kila upande na sioni njia.

Shufaa. Sogea. Kaa hapa, ukingoni.

Mwaka jana Zaidi alikwenda Kilwa kuwinda na rafiki yake siku kumi na mbili, nikakwambia, "Hutoki." Ulikuwa umeitwa Kibiti kwenye usaili, kazi ya zahanati, una cheti chako umekipiga pasi. Ukanipigia magoti hapo mekoni. "Mama, nakwenda na bodaboda, saa sita nimerudi." Nikasema mumeo akifa utanilaumu mie? Nikakaa mlangoni na kinu. Usaili ukapita. Zaidi akarudi na swala mnono, nikakucheka, nikasema umeona? Umeona faida ya kukaa? Uliipika ile nyama na hukuila, niliona. Na wewe Zaidi uliona na ukaguguna mfupa.

Shufaa, nilikuwa namwogopesha mtu kwa kitu kilichokuwa kinaniogopesha mie. Nisamehe. Usiseme chochote sasa, wala usinisamehe kwa sababu nakufa, hiyo si samahani, hiyo ni heshima. Fikiri mpaka siku ya arobaini. Na hili wote mlisikie: mirathi shehe ataigawa, nyumba hii, majaruba ya mpunga ya bondeni, Siti asipunjwe fungu lake hata kwa kisingizio kwamba ameolewa. Lakini Shufaa si mrithi wangu, kwa hiyo yeye ndiye ninayeweza kumuusia. Mikorosho ile sita nyuma ya jiko ni yake. Yake, si ya Zaidi kupitia yeye. Auze korosho, nauli ya Kibiti asimwombe mtu. Wakiita usaili mwingine aende, mumewe akiwa porini, akiwa baharini, akiwa mwezini.

Mnasikia? Sauti inaondoka. Sogeeni.

Kuhusu pori. Nimekwisha amua, au nadhani nimeamua. Jumatatu usiende ofisini, Zaidi. Msimu ni mrefu, unafika mwisho wa mwaka. Nendeni Liwale, wote wawili, lakini bunduki ibaki. Msinibishie. Bila bunduki, bila panga la kuchinjia, mwende na msahafu na karatasi hii. Shukeni Nangurukuru, ulizieni gari la Liwale, mkifika ulizieni Nandipwa, na Nandipwa mumuulizie Mzee Abdalah, akiwa hai mshikeni miguu, akiwa kafa waulizeni wanawe. Mseme sisi ni watoto wa yule mgeni. Wao wamelifagia kaburi la baba yenu miaka kumi na miwili bila kuwajua watu wake.

Mkishamzuru, mkishakula chakula chao, hapo ndipo muwaulize swala wako wapi. Ile orodha ya maeneo inajua panaporuhusiwa, mwenyeji anajua maji yako wapi, na mtu asiye na kiongozi anahitaji vyote viwili. Wakisema Liwale upande ule mwingine, sawa. Wakisema Liwale hapana, nendeni Tunduru, Nassibu atafurahi. Wakisema... sijui. Mie pori zuri silijui, wanangu. Nilidhani mtu akikaribia kufa anajua. Hajui.

Ila mkichagua, liandikeni jina la pahala, mkabandike ukutani kabla hamjatoka. Mkibadili njiani, mpige simu. Si kwa mwiko. Ili atakayewatafuta awapate.

Mkirusha risasi semeni bismillahi. Jike muacheni. Msirushiane lawama mkirudi mikono mitupu. Nassibu ukimbebea kaka yako mzigo usimhesabie. Siti, wewe... Siti ulikuwa unaniosha miguu. Mungu akuoshe na wewe. Nimewapa radhi, wote wanne, Shufaa wa nne, radhi ya chini na ya juu, mwendako kwema, mrudiko kwema, watoto wenu wasome mapema.

Laza huo mto. Pole pole.

Zaidi. Njoo hapa, sikio. Ukifika kaburini, salamu kwanza. Halafu mwambie... mwambie Swaumu alikaa. Hapana. Usimdanganye. Mwambie alikaa mpaka tarehe kumi, tarehe kumi na moja akavuka, akaenda kusoma. Mwambie hivyo hivyo. Halafu nyamaza kidogo... mpe nafasi... yeye naye ana la kusema kuhusu Njinjo.